Behewa Nililoliziba Mno

Nyinyi vijana mnaopita na pikipiki kwenye barabara ya Nyunzu mmeyaona yale masanduku ya chuma yaliyokaa katikati ya mashamba ya mihogo, hayana magurudumu, kuku wamelala chini yake. Wengine wenu mmeniuliza kama treni ilianguka pale. Hakuna treni iliyoanguka. Yale ni mabehewa yaliyostaafu kabla yangu, na mengi kati yake niliyashusha mimi. Leo nimeketi hapa Kalemie, goti la kushoto linanisumbua, mke wangu amenikataza kupanda ngazi, na karibu kila mwezi anakuja kijana kuniuliza namna ya kugeuza behewa kuwa ghala. Nimechoka kurudia maneno yale yale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika. Someni kwanza. Yatakayobaki mtaniuliza.

Jina langu ni Kalunga. Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kazi yenyewe ni kutembea kando ya treni iliyosimama, mkononi nyundo yenye mpini mrefu, ukigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa linakohoa. Mkono wa pili una chaki. Nikilichora behewa msalaba, halisogei, hata mkubwa wa stesheni apige kelele mpaka koo limkauke. Sitawaficha, chaki ile ilinivimbisha kichwa. Kijana wa miaka ishirini na mitano anasimamisha treni kwa kipande cha chaki, kisha mnataka awe mnyenyekevu?

Aliyenifundisha ni marehemu Papa Lumbwe, mtu mfupi, mpole, aliyetafuna makasu, zile kokwa chungu za kola, tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa na kipimo chake cha behewa la mizigo. Anakuingiza ndani, anafunga mlango, unakaa kwenye giza mpaka macho yazoee. Kila unapoona mwanga umepenya, hata mdogo kama jicho la sindano, unaweka alama ya chaki. Kisha mlango unafunguliwa, unachukua kopo la lami na brashi, unaziba.

"Wagoni kazi yake ni moja, mwanangu," aliniambia. "Kufunga mudomo. Mvua isiingie, mwizi asiingie, panya asiingie. Ukiona mwangaza ndani, njo ugonjwa."

Siku moja nikiwa ndani kwenye giza, natafuta ugonjwa, wenzangu wa kupanga treni hawakujua kwamba kuna mtu. Walilifunga behewa langu kwenye mashine ya kuvuta treni, wakalisukuma. Nilipiga ukuta kwa ngumi, nikaita watakatifu wote niliowajua na wengine niliowabuni. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa bandarini hapa Kalemie, kando ya meli ya Kigoma, na wapakuaji waliokuwa wanategemea mifuko ya sukari waliniona mimi na kopo la lami. Kwa mwaka mzima pale bandarini waliniita Sukari.

Nawasimulia hayo ili mjue kwamba somo la Papa Lumbwe liliniingia kwenye mifupa. Behewa zuri ni lile lisilopitisha kitu. Niliamini hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwenye reli ni kweli. Ubaya wake niliujua siku nilipolipeleka somo hilo mahali pasipo na reli.

Kulikuwa na miaka ambayo treni hazikupita. Watu walikuwa wanakimbia vita, wanarudi, wanakimbia tena, na mabehewa yalibaki kwenye njia za pembeni kule upande wa Niemba, majani yakiota hadi milangoni. Kazi ilipoanza tena, wakubwa walitaka magurudumu. Gurudumu zima ni mali, halipatikani sokoni. Lakini masanduku mengi yalikuwa yameliwa na kutu, sakafu imeoza, hayawezi tena kwenda mbio. Ikaamuliwa magurudumu yarudi kazini, na kijiji kinachotaka sanduku kilichukue. Mimi na wenzangu wawili tukapewa kazi ya kuyatenganisha.

Hatukuwa na winchi. Tulikuwa na kriki mbili, zile ambazo watu wa Kigoma wanaziita jeki, na mataruma ya zamani, yale magogo ya chini ya reli. Basi sikilizeni, maana hapa ndipo vijana wanapojivunja mikono. Unainua upande mmoja kwa upana wa vidole vinne, unaingiza taruma. Unahamia upande wa pili, vidole vinne, taruma. Unayapanga msalaba juu ya msalaba kama mtu anavyopanga kuni za kuuza. Sanduku likishaketi juu ya mataruma, magurudumu unayasukuma kutoka chini yake yakiwa bado juu ya reli, yanaondoka zake. Kisha unalishusha sanduku vile vile, kidogo kidogo, juu ya magogo ya mviringo, na kijiji kizima kinashika kamba na kuvuta. Mkono wako hauingii chini ya chuma hata kama nyundo ya babu yako imeanguka pale. Kidole changu hiki kisicho na kucha kiliingia kufuata nyundo ya shirika la reli, si hata ya babu.

Sanduku la kwanza tulilolishusha lilitupatia aibu ndogo. Tulilikalisha vizuri, limenyooka, juu ya mataruma yanayofika kiunoni, mlango ukitazama reli. Tukajifuta jasho, tukajisifu. Bibi mmoja akaja, akalizunguka mara mbili, akatuuliza, "Bapapa, sasa munataka tupande treni?" Kweli, mlango ulikuwa juu kama wa treni, hauna ngazi, na ulitazama reli wakati kijiji kizima kiko nyuma yake. Sisi kwetu mlango wa behewa unatazama reli, hatujawahi kufikiri unaweza kutazama kwingine. Tulitumia siku mbili kuligeuza. Tangu hapo, kabla ya kushusha sanduku nauliza kwanza njia ya kwenda kisimani iko wapi, upepo wa mvua unatoka wapi, na nani mfupi kuliko wote kijijini.

Sasa nije kwa Mama Feza.

Alikuwa kiongozi wa wamama wa parokia katika kijiji kimoja karibu na reli, upande ule ule wa Niemba. Mama mwembamba, mjane, mwenye watoto watatu na sauti ya chini ambayo ilikulazimisha kumsogelea. Kijiji chao kilikuwa kimerudi kutoka kukimbia bila chochote. Jembe wangeweza kuazimana, mbegu huwezi. Kwa hiyo walizikusanya kama mtu anavyookota makaa kwa jirani: maharagwe yaliletwa na dada yake kutoka Kirungu, kwa miguu, kwenye zile njia za milimani. Mahindi yalitoka kwa wakwe Kiambi. Karanga walizipata huku Kalemie, kikombe kwa kikombe. Walipanda mara moja, wakavuna kidogo, wakajinyima kula, na kilichobaki chote kikawa mbegu ya msimu uliofuata. Mwaka mmoja zaidi, walisema, tutakuwa watu tena.

Mbegu hizo kila mama alizitunza jikoni kwake, zimening'inia juu ya mafiga. Moshi unazipita mchana kutwa, zinakuwa nyeusi, na mdudu hazigusi. Ndivyo wazee wote wa huku walivyofanya. Ubaya ni kwamba jiko ni la nyasi. Wiki tuliyofika na kriki zetu, majiko mawili yalikuwa yameungua na mbegu zote zilizokuwamo. Nilipoyaona yale majivu, nikajiona mimi ndiye niliyetumwa na Mungu. Nilimwambia Mama Feza kwamba behewa ni chuma, moto hauli chuma, wazilete mbegu zote humo.

Akanitazama kidogo. "Papa Kalunga, mbegu zetu zimezoea moshi na upepo. Humo ndani zitapumua namna gani?"

"Mbegu si mutoto, Mama."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Mama Feza hakucheka, lakini hakubishana. Mimi nilikuwa mtu wa reli mwenye nyundo na kofia, na nilikuwa nimewaletea nyumba ya chuma bure.

Basi nikafanya kazi kama Papa Lumbwe angekuwa ananitazama. Niliingia, nikafungiwa, nikakaa gizani. Kutu ilikuwa imetoboa sana. Nikachora, nikaziba, nikaingia tena, nikaziba tena. Matundu ya hewa yaliyo juu, yale ambayo kiwanda chenyewe kiliyaweka, nayo nikayaziba, kwa sababu panya wa huku wanapanda ukuta. Nilipomaliza, mle ndani hukuweza kuona kiganja chako. Nawaambia, sijawahi kuziba behewa vizuri namna ile.

Wamama wakaleta mbegu. Mifuko, vikapu, vitambaa vilivyofungwa mafundo, kila mmoja na alama yake. Hapo likazuka neno la wivu kidogo, kama kawaida mali za watu wengi zikikaa pamoja: nani atajua kama fulani hakuchukua za fulani? Ufunguo walimpa Mama Feza, akauvaa shingoni pamoja na rozari yake, lakini wengine bado walinung'unika. Nami nikapata wazo, na nililiona zuri kuliko yote. Nikaenda kuchukua koleo la muhuri, ule tunaouita plombe.

Kwenye reli, behewa likishapakiwa, mlango unafungwa kwa waya, na ncha za waya zinapita ndani ya kidonge cha risasi, risasi ile ile laini ambayo wavuvi wetu wanafunga chini ya nyavu. Unakibana kwa koleo lenye alama yako. Hakuna anayeweza kufungua mlango bila kuukata muhuri, na ukikatwa hauungiki. Mtu anayekata muhuri peke yake, bila mashahidi, kwetu ni mwizi, hata kama hakuchukua hata punje. Hatumwulizi zaidi.

Niliwaeleza wamama hayo yote, nikafunga muhuri mbele yao. "Siku ya kupanda, kama muhuri huu uko mzima, hakuna muntu wa kusemwa," niliwaambia. Wakapiga vigelegele. Wakakubaliana kwamba mlango hautafunguliwa hadi mvua ya kwanza. Nikapanda treni nikarudi nyumbani, nikamsimulia mke wangu, na nilipolala nilikuwa na furaha.

Ikapita miezi ya kiangazi. Siku moja nilikuwa natoka Kabalo na treni ya mizigo. Mashinisti, yaani dereva wa treni, alikuwa Papa Ilunga, rafiki yangu, mtu wa kelele nyingi na moyo mweupe. Karibu na kijiji kile cha Mama Feza, ekseli moja ikashika joto, ikaanza kutoa moshi. Tukasimama. Niliitia mafuta, nikaona itahitaji muda ipoe, na ghala liko pale pale, hatua mia mbili kutoka reli. Nikaenda kulitazama. Nilikwenda kujisifu tu, hakuna sababu nyingine.

Kijijini palikuwa kimya, watu walikuwa mashambani wanafyeka. Muhuri ulikuwa mzima, risasi inang'aa. Nikatabasamu. Kisha nikaona kuku. Kuku sita saba walikuwa wanapekua chini ya mlango, na udongo waliokuwa wanaupekua ulikuwa mbichi. Nilitazama juu: anga jeupe, miezi mitatu haijanyesha. Nikatazama kizingiti. Maji yalikuwa yanatoka pembeni mwa mlango, tone moja, unangoja, tone lingine. Nikasogeza pua. Harufu ilikuwa ile ya mahindi yaliyolowekwa kwa pombe.

Nilielewa pale pale. Mbegu zilionekana kavu zilipoingia, lakini ndani yake bado mlikuwa na maji kidogo. Juani chuma kinachemka, yale maji yanapanda hewani. Usiku chuma kinapoa, maji yanashika kwenye paa, yanadondoka juu ya mifuko. Kesho yake vivyo hivyo. Laiti kungekuwa na tundu, yangetoka. Hapakuwa na tundu hata moja. Nilikuwa nimewapikia mbegu zao kwenye sufuria yenye kifuniko.

Papa Ilunga akapiga honi. Ekseli ilikuwa imepoa.

Sasa hapa nitawaambia jambo ambalo mke wangu tu ndiye aliyelijua. Nilirudi kwenye treni. Nilitembea zile hatua mia mbili, nikashika chuma cha ngazi, nikaweka mguu. Kichwani nilikuwa nasema: hakuna aliyeniona. Mvua itanyesha baada ya wiki tatu, watafungua, watakuta zimeoza. Watasema ni Mungu, au watasema ni uchawi, au ni mdudu. Hakuna atakayesema ni lami, kwa sababu hakuna kule anayejua kazi ya lami ila mimi. Na safari yangu nyingine ya kupita pale ingeweza kuwa baada ya miezi miwili.

Kilichonishusha kwenye ngazi haukuwa utakatifu. Nilikumbuka ufunguo. Siku ya kufungua, mtu wa kwanza kutazamwa angekuwa aliyeuvaa shingoni.

"Kalunga, panda," Papa Ilunga aliniita. "Unaota?"

"Wende. Mie ninabaki."

"Unabaki wapi? Treni itaenda bila mukaguzi? Watakuandikia barua."

"Waandike."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akatupa chini mkate wake na chupa ya maji. Treni ikaondoka. Barua kweli waliniandikia, yenye maneno makali, nami nikaisaini. Nilikuwa nimeacha kazi yangu njiani, hilo ni kosa, siwafundishi mfanye hivyo.

Nilikwenda mashambani, nikawaita wamama. Walikuja na majembe mabegani, wakidhani nimeleta habari za sanduku lingine. Nilisimama mbele ya mlango, nikavua kofia. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, lakini kuvua mbele ya watu ni kazi.

"Mbegu zimeoza," nikasema. "Sijui ni kiasi gani. Tutafungua sasa, sote pamoja."

Niliukata muhuri. Mlango ulipofunguka, mvuke wa moto ulitupiga usoni, na wamama wa mbele wakarudi nyuma. Mifuko ya juu ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Karanga zilikuwa zimeshikana mabonge. Mama mmoja akaweka mikono kichwani akaanza kulia kama wanavyolia msibani. Mwingine akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia, "Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Mama Feza alikuwa ameketi chini kwenye majani. Alishika rozari na ufunguo katika ngumi moja.

Nikasema kwa nguvu, wote wasikie: "Mama Feza hana kosa. Plombe mumeiona, ilikuwa muzima, na koleo njo yangu, hakuna mwingine. Mie njo niliziba matundu yote. Aliniuliza mbegu zitapumua namna gani, mie nikamucheka. Kosa njo yangu, mie Kalunga."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Mwishowe yule aliyeuliza habari za ufunguo alivuta mfuko wa kwanza, akaumimina kwenye mkeka. "Kosa moja haiachishi muke," akasema. "Vua koti, Papa. Utachagua na sisi."

Tulichagua siku nne. Tulitandaza mikeka yote ya kijiji, tukamwaga kila kitu juani, tukachambua punje kwa punje. Vidole vyangu vilizoea nyundo, si punje za maharagwe. Wamama walinicheka, wakanipa mkeka wa watoto. Siku ya pili nilianza kuelewa kwa kidole: punje nzima ni baridi na ngumu, mbovu inateleza kidogo. Ni kama kugonga gurudumu, kila kitu kina namna yake ya kukuambia.

Baada ya kuchagua, wakafanya kipimo. Kila mama alitwaa punje kumi kutoka fungu lake, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji, akakiweka mahali pa joto. Kisha unangoja. Nilikuwa nimekwisha kukosa treni, basi nilingoja nao, nalala kwa mwalimu wa kanisa, nakula ugali wao, na kila mlo nilijua wanapunguza chakula chao. Siku ya tano wakafungua vitambaa. Mahindi ya mifuko ya chini yaliota sita kati ya kumi, mengine saba. Maharagwe ya Kirungu yaliota karibu yote; yalikuwa sakafuni, mbali na paa. Karanga zilikufa. Kati ya vitambaa vyote vya karanga, niliona machipukizi mawili.

Wangepanda, basi. Kwa kubana, punje mbili mbili pale wanapozoea tatu, na mwaka mzima bila karanga, bila mchuzi wa karanga, bila karanga za kuuza, bila kitu cha kumpa mtoto anayelia mama akiwa shambani. Hasara ile sikuweza kuilipa, na sikujaribu kujidanganya kwamba kuchambua siku nne kumeilipa.

Kabla sijaondoka nililitoboa lile behewa. Niliazima patasi, nikatoboa safu chini na safu juu, pande zote mbili, nikaweka wavu wa waya ili panya asipite. Kila tundu nililolitoboa lilikuwa linaniuma kama nampiga patasi Papa Lumbwe mwenyewe. Wamama nao wakaongeza la kwao, ambalo nisingelifikiri: walijenga paa la nyasi juu ya paa la chuma, limeachana nalo kwa urefu wa mkono, ili jua lisiguse chuma. Nilidhani ni urembo. Niliingia ndani saa sita mchana, nikakuta ubaridi kama kanisani. Wakabandika na vipande vya mabati kwenye miguu ya mataruma, vimekunjwa kama sahani zilizopinduliwa, panya akipanda anagonga kichwa.

Kwa hiyo mkija kuniuliza, haya ndiyo majibu yangu. Sanduku likae juu kiasi cha goti, mbwa apite chini. Matundu yawepo, chini na juu. Lifunikeni kwa nyasi. Na kabla ya kuweka mbegu, chukueni chupa kavu, tieni punje kidogo na chumvi kavu, ile ya Kigoma inafaa sana, mtikise, mngoje kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mbegu bado ina maji, irudisheni juani. Ikidondoka yote chini, wekeni. Kipimo hicho nilifundishwa baadaye na mama mmoja wa Moba, na nilipokisikia nilitaka kulia, kwa jinsi kilivyo rahisi. Mlango muufungue kila wiki, watu wanuse. Yule mwenye ufunguo msimwache peke yake na ufunguo.

Hilo la mwisho ndilo hasa lililonifanya niandike, na nilikuja kulijua miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu. Mama Feza alikuja Kalemie kumhudumia binti yake aliyejifungua hospitalini, akafikia kwetu. Kijiji chao kilikuwa kimeshiba zamani, karanga wanazo hata za kutuletea sisi. Mke wangu alikaanga mikebuka, samaki wa ziwa letu, tukaketi uani tukila, tukacheka habari ya barua yangu ya onyo. Nikaona ni saa ya kuuliza jambo ambalo lilikuwa linanizunguka.

"Mama, siku ile wenzako walilia, walipiga kelele. Wewe ulikaa chini tu. Sawa vile muntu anajua."

Aliutoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani.

"Nilijua, Papa. Ile harufu nilikuwa nimeisikia siku kumi mbele ya wewe kufika."

Sikuamini. "Juu ya nini haukusema?"

"Ningemuambia nani? Ufunguo iko kwa shingo yangu, plombe yako iko kwa mulango. Ulituambia mwenyewe: anayekata peke yake ni mwizi. Nikisema inanuka, wataniuliza Feza, ulijua namna gani, ulifungua? Nikinyamaza, siku ya kupanda watasema niliuza mbegu muzuri nikaweka mbovu. Mie mujane, nani atanisimamia? Nilifunga nguo zangu na za watoto, niliweka nyuma ya mulango. Nilisema nitasali misa ya Jumapili na wenzangu, kiisha usiku nitoke, niende kwa dada yangu Kirungu, nisirudi tena."

Mke wangu aliacha kugeuza samaki. Mimi nilikuwa nimetazama sahani yangu, na nilisikia machozi yananijia, mtu mzima, mbele ya mgeni. Miaka yote ile nilikuwa nimefikiri kwamba nililoharibu ni mbegu tu. Kumbe muhuri wangu ulikuwa umemfunga mtu mdomo, amekaa siku kumi na hofu yake, na watoto watatu, na mzigo umefungwa tayari.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Ulikuja Ijumaa," akasema Mama Feza, akamwomba mke wangu chumvi.